Ndege Inalala Juu ya Mti Gani?

Mwanangu Crispin alipopiga simu kutoka Toronto kusema anapanda ndege Jumamosi asubuhi, saa za huko, nilimwuliza jambo moja tu: utafika lini? Mbege, pombe yetu ya ndizi, haina subira. Ndizi zilikuwa zimeshachachuka kwenye pipa. Ukishatia uji wa kimea cha ulezi, kesho yake inanyweka. Kesho kutwa ni siki, na mimi sijawahi kumpa mtu siki. Simu ikakatika kabla hajajibu.

"Kilomita elfu kumi na tatu," akasema mume wangu Melkior. "Atafika Jumatatu."

"Jumatatu kwa nini?"

"Mama Crispin, mimi nimeendesha basi la Mwanza, wewe umeendesha jembe. Usiku gari kubwa linalala. Sisi tulilala njiani kwa amri ya serikali. Sasa ndege si ndiyo gari kubwa kuliko yote?"

"Na usiku ukiikuta angani, inalala juu ya mti gani?"

Akanitazama kama abiria asiye na tiketi.

Mimi nina hesabu zangu. Kila Jumapili nikimpigia Crispin baada ya misa ya pili, yeye bado anapiga miayo kitandani, na mimi mtori wangu wa ndizi na nyama uko jikoni. Basi akiondoka huko asubuhi, huku ni jioni, tunakamua ng'ombe. Usiku mmoja angani, abadilishe ndege Adisi Ababa, Jumapili mchana yuko kwangu.

"Akija Jumapili," nikamwambia, "utakata majani ya ng'ombe, uyabebe kichwani, upite nayo mbele ya kanisa."

Huku kwetu mlimani mwanamume akibeba majani kichwani, watu humwuliza mkewe alizikwa lini.

"Na akija Jumatatu?"

"Nitanyamaza wiki nzima."

Akanipa mkono haraka, hata hakufikiri!

Jumamosi jioni nikatia ulezi. Ukishatia, hautoki.

Jumapili watu wakatoka misa, mchana ukaja, ukapita. Wifi yangu Digna akachungulia pipa. "Wifi, inaanza ukali."

Melkior alikaa getini akipiga mluzi. "Anza kunyamaza kidogo kidogo, mama, uzoee."

Nimefungua kinywa nimjibu, mara bodaboda mbili zikapanda zikipiga honi: ya kwanza imembeba Crispin, ya pili begi lake, limefungwa kamba kama mbuzi wa mnada. Nikamkimbilia na kata ya mbege kabla hajashuka. Akanywa yote, povu likamkaa puani.

"Mlilala wapi?" Melkior akauliza.

"Kulala tena, baba? Ndege imekuja usiku kucha. Kilichonichelewesha ni begi."

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaingia mgombani.

Jumatatu Melkior akatoka na mzigo wa majani kichwani. Lakini mzee yule! Kufika mbele ya kanisa akasimama, akapiga honi kwa mdomo: "Piii! Abiria wa Mwanza!" Wanawake waliotoka kukata majani wakacheka hadi wakakaa chini, kisha wakaanza kumtwika na majani yao. Mimi nikawa konda. Nilitembea nyuma yake mikono mitupu, nikimwambia Digna aongeze, gari bado lina nafasi.