Programu ya Wendell, Linux Tu

Januari hiyo klabu yetu ya Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaoshindana na Windows, hapa Vermont, Marekani, ilibaki na watu saba. Maktaba ikatuonya: tusipofika kumi kabla ya Aprili, chumba chetu cha Jumamosi wanapewa wafumaji wa soksi. Niliudhika sana. Sisi tunaogawa kila kitu bure tufukuzwe na soksi!

"Hatuna chambo," alisema Wendell, mwenyekiti wetu. "Nitajieni programu moja iliyopo kwetu na haipo Windows."

Tukaanza kutaja. Kila aliyefungua mdomo alikatizwa na mwenzake: hiyo ilishahamishiwa Windows, na hiyo pia. Ukarimu ulikuwa umetuacha mikono mitupu.

Wendell akajifungia wiki sita. Akatoka na programu inayokubali Linux tu, ya wagema shira, wale wanaokinga utomvu mtamu wa miti ya maple na kuuchemsha: msituni kindi wanapotafuna mirija ya utomvu, kompyuta inaonyesha mrija gani unavuja. Wagema wa wilaya nzima wakaitaka.

"Njooni Jumamosi," akawaambia, "tuwawekee Linux kwanza."

Hakuja hata mmoja. Badala yake shemeji yangu Claudette, mwenye miti elfu mbili, akanipigia simu.

"Shemeji, mimi na Windows yangu tumezoeana. Siiachi kwa ajili ya kindi."

Nami moyo wangu laini. Siku mbili tu, nikaibadili ikakubali Windows. Leseni ya Wendell inaruhusu yeyote kuibadili na kuigawa. Nilimpa Claudette peke yake. Naye, kama leseni inavyoruhusu, akampa jirani. Kufikia Alhamisi kila kibanda cha kuchemshia shira kilikuwa nayo.

Wendell alinijia amevimba.

"Nani katusaliti?"

"Mimi, mzee. Lakini leseni uliichagua mwenyewe."

"Najua niliichagua mwenyewe!"

"Basi toleo lijalo lifunge. Wakikosa kuona lilivyoandikwa ndani, hawatalihamishia Windows."

Alinitazama kama niliyemshauri amuuze mama yake.

"Nifunge? Mimi? Miaka ishirini nawahubiria watu, leo nifunge kwa sababu ya chumba?"

"Chumba kitakwenda, Wendell."

"Kiende!"

Nilimwonea huruma, na niliona aibu.

Jumamosi tukafika mapema kukusanya vitu vyetu. Saa nne mlango ukafunguliwa, watu wakamiminika: thelathini na wanne, viatu vya tope, kila mmoja na laptopu yenye Windows kwapani. Programu imegoma, wanataka msaada. Mkutubi akahesabu vichwa, akatuandikia chumba mpaka mwaka ujao.

Mzee mmoja akaiweka laptopu yake mbele ya Wendell.

"Mwenyekiti, nibonyeze wapi?"

Wendell aliikodolea macho. Windows hakuwa ameigusa tangu alipokuwa na nywele. Akavuta kiti, akaketi kando ya yule mzee.

"Sijui," akasema taratibu. "Hebu nifundishe. Unaiwashaje?"