Kakule wa Redio

Siku walipomchukua mume wangu Lusenge nilikuwa nimeweka maharagwe motoni, na maharagwe ya Musienene hayajali huzuni ya mtu yeyote, yanataka kuni. Kwa hiyo nilipomwona Ézéchias, mkuu wa shule ya mume wangu, akishuka mlima mbio huku ameshika tai yake mkononi kama mtu aliyeua nyoka, nilichochea moto kwanza ndipo nikasimama.

"Mama Jokébed," akasema, "balimubeba Mwalimu."

"Nani alimubeba?"

"Basoda mbili ya Beni, na bunduki. Baliingia mu darasa, bakasalimia muzuri, bakasema commandant anamuita. Mwalimu akaomba amalize kuandika phrase yake kwa tableau. Bakamungoja."

"Juu ya nini?"

Ézéchias akajifuta jasho kwa tai. "Juu ya Kakule! Nilimuambiaka, mama. Nilimuambia, Mwalimu, ile Kakule itakuletea maneno. Mais ye anacheka tu. Na usikie hii: mbele bapande pikipiki, soda mumoja akamuuliza kama Kakule atatoka mu nyumba ya kuku ao hapana. Unajua alijibu nini? Ati, ngojeni siku ya posho!"

Nikakaa chini. Siku ya posho ni Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya mume wangu redioni. Tulikuwa mwaka 2001. Walioitwa Beni na wakubwa wa vita, wengine walirudi na wengine tunawaombea misa mpaka leo.

Niseme kwanza Lusenge alikuwa mtu wa namna gani. Alipokuja kunichumbia alikuwa amekwisha kufanya kazi nyingi, na zote zilimponyoka kwa sababu moja: hakuweza kuacha jambo likae lilivyo. Alikuwa katekista kule Musienene. Akifundisha habari za mwana mpotevu, aliongeza maneno ya mke wa yule kaka mkubwa, aliyoyasema jikoni alipoona ndama aliyenona anachinjwa bila yeye kuulizwa. Akina mama walijaa kanisani. Padri akamwuliza maneno hayo yako katika Injili gani, naye akajibu kwamba bado haijaandikwa. Akaacha ukatekista.

Akapanda malori ya kahawa ya kwenda Kasindi, kazi ya kulinda mizigo. Kila daraja alilitungia hadithi, na siku moja abiria wazee wakakataa kuvuka, wakashuka na mikeka yao, lori likalala hapo. Akanunua kamera, akawa mpiga picha. Alimsimulia kila mteja jambo kabla ya kubonyeza, na hakuna bureau iliyokubali picha ya kitambulisho ya mtu anayecheka mpaka macho yamefumba. Mwishowe akawa mwalimu wa Kifaransa hapa Butembo, na ualimu haukumponyoka. Serikali ilikuwa imewasahau walimu, wazazi walituletea viazi na unga wa muhogo, na watoto wa darasa lake hawakutoroka hata siku za soko.

Vita vya kwanza vilipita. Vya pili vilikaa, kama mgeni anayesema anaondoka kesho. Ndipo redio ya mtaa ikamwomba hadithi ya kuchekesha, watu wapumue. Akatunga habari za mwanamume mmoja mwoga, anayekimbia kila akisikia risasi, na akirudi nyumbani anamwambia mke wake kwamba amewashauri majenerali. Mtu huyo alihitaji jina, na hapo ndipo mume wangu alipokosea.

Kwetu Wanande, majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa nne wa mama huitwa Kakule. Haijalishi ni mama gani, tajiri au maskini, wa mlimani au wa mjini. Akifikisha wavulana wanne, Kakule yuko nyumbani. Lusenge alifikiri hivi: jina la watu wote si la mtu yeyote, basi hakuna atakayekasirika. Mimi nilimwambia, "Baba Jokébed, jina la watu wote ni la kila mtu." Akasema nimesema vizuri, akaliandika hilo pia, akalitia kinywani mwa mke wa Kakule.

Juma la kwanza tu, Kakule mchinja nyama wa sokoni alikuja kwetu na kisu chake cha kazi. Alisema amesahau kukiacha. Baada yake akaja Kakule mwimbishaji wa kwaya, kisha shemeji yangu Kakule, mdogo wake Lusenge, tumbo moja. Kila mmoja alilalamika kwamba ni yeye aliyesemwa. Lusenge aliwapa viti, akawasikiliza, na baada ya kuondoka alikuwa na sura mpya za majuma mengi.

Kumbe mawimbi ya redio yetu yalikuwa yanapanda vilima na kushuka Beni. Na kule Beni, katika mtaa wa Beu, kulikuwa na commandant aliyeitwa Zorobabel. Mama yake alikuwa amezaa wavulana wengi, na huyu alikuwa wa nne. Watu walinong'ona kwamba vita vilipofika Kanyabayonga alitoweka, akaonekana baadaye akitoka nyuma ya nyumba ya mtu, na nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kuku. Mume wangu hakuwa na habari hiyo. Aliandika nyumba ya kuku kwa sababu kuku humchekesha.

Jioni ile watu walikuja kukaa nami, kama wanavyokuja kwenye msiba. Wanawake walinyamaza, wanaume walisema tutume padri, wengine wakasema padri naye atabaki huko. Kakule mchinjaji alikuwa amekaa karibu na mlango, ameinama, na mimi nilidhani anasikitika. Ghafla akainua kichwa.

"Ézéchias, rudia. Ule commandant anasema nini?"

"Anasema Kakule ya radio njo ye, ni ye mwenyewe."

"Ye?"

"Njo vile basoda balisema."

Mchinjaji akasimama. "Hapana! Mutu ya Beni! Miye nililalamika wa kwanza. Mama Jokébed, haiko miye nililalamika wa kwanza?"

"Ni weye, baba."

"Mwezi mzima bananicheka mu soko. Batoto bananiitia kuku. Leo mutu anatoka kule na bunduki, ati njo ye! Mateso ni yangu, jina inabaki yake?"

"Yako ginsi gani?" akasema mwimbishaji wa kwaya kutoka upande wa pili. "Mwalimu aliandika Kakule anaimba kama mulango ya zamani. Ile njo miye, kila mutu wa paroisse anajua."

"Munyamaze," akasema shemeji yangu. "Mutu anatukana ndugu yake kwanza."

Wakaanza kugombana juu ya moto wangu. Mimi niliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikasikia njaa. Nikasema polepole, "Kama ni hivyo, bababa, muende mumuambie commandant mwenyewe."

Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani atakataa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukataa, kwa sababu angethibitisha kwamba mwoga wa redioni ni yeye kweli. Na ingawa kila mmoja alidai ni yeye, hakutaka kuthibitisha kwa namna hiyo. Wanaume wana hesabu zao.

Lori la kutupeleka lilikuwa la Kasimu, aliyesafirisha sabuni na samaki wa chumvi. Mke wake Hadjara alikuwa rafiki yangu. Asubuhi alimwambia mumewe mbele yangu, "Unaenda Beni bule, lori iko wazi. Beba baba za watu." Kasimu akakuna ndevu, akatazama Makakule waliokuwa wanatokea kila njia, kwa maana habari ilikuwa imelala sokoni na kuamka kila nyumba. "Bismillahi," akasema. "Lakini bakule chakula mbele ya kupanda. Sitaki kusimama kila kilima."

Nilipanda pamoja nao, na kwenye kizuizi cha barabara askari alituuliza majina.

"Kakule," akasema mchinjaji.

"Na weye?"

"Kakule."

"Weye mwenye koti?"

"Kakule."

Askari akarudi nyuma hatua moja, akashika bunduki vizuri. "Munanicheka?"

"Hapana, chef," akasema shemeji yangu. "Bamama yetu njo balizaa vile."

Askari akamgeukia dereva. "Na weye? Ukisema Kakule nitapasua mupira."

"Kasimu."

"Afazali! Pita, pita."

Commandant Zorobabel alitupokea katika nyumba moja ya Beu, nyuma ya meza iliyotoka shule fulani. Bado ilikuwa na majina ya watoto yaliyochorwa kwa kisu. Lusenge alikuwa amekaa pembeni na kalamu. Alikuwa amechoka kidogo na hakuwa na viatu, lakini aliponiona aliinua nyusi mbili, kama anavyofanya akitaka kucheka kanisani. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameamriwa kuandika upya ile sura: Kakule hakujificha kwa kuku, alikuwa anapeleleza. "Na ilikuwa sura nzuri, Florentine," alisema. "Kuku walikuwa majasusi."

"Munatafuta nini?" akauliza commandant.

Mchinjaji akavua kofia. "Mon commandant, tulikuya kulalamika."

"Juu ya huyu mwalimu? Sawa. Hata miye..."

"Hapana. Juu yako."

Lusenge akaacha kuandika.

"Balituambia unasema Kakule ya radio njo weye," mchinjaji akaendelea, na sauti yake ilitetemeka, lakini ya mwenye haki hutetemeka pia. "Ile haiko muzuri. Njo miye."

"Mwongo, njo miye," akasema mwimbishaji.

"Hata huyu mwalimu mwenyewe anajua ni miye, ndugu yake," akasema shemeji, na nyuma yao wengine wote wakaanza kusema, mpaka commandant akapiga meza.

"Kimya! Ni miye! Beni muzima inajua ni miye!"

"Sawa, mon commandant," akasema mchinjaji. "Donc ulikimbia?"

"Nani alikimbia?"

"Kakule ya radio anakimbia. Anasikia risasi, anaingia mu nyumba ya kuku, anatoka na manyoya mu kichwa. Kama njo weye, sema tu, tutarudi kwetu bila maneno."

Askari wawili wa mlangoni wakainua macho, wakaanza kutazama dari kana kwamba kuna mtu ameandika kitu huko.

"Miye," akasema commandant polepole, "sikukimbiaka hata siku moja."

"Basi haiko weye!" Mchinjaji alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mbuzi wake. "Miye nilikimbia. Uliza bibi yangu. Nilijificha mu pipa ya mafuta ya mawese, nikatoka mwekundu kama nyama mubichi."

"Miye mu ngoma kubwa ya kanisa," akasema mwimbishaji.

Ikabaki zamu ya shemeji yangu. "Miye chini ya kitanda ya mama-mukwe," akasema, na Makakule wote wakaguna, kwa sababu kwetu hilo ni baya kuliko kukimbia. Hakuna aliyejaribu kumpita.

Commandant alituangalia mmoja mmoja. Alikuwa na bunduki, askari na meza, lakini njia ya kuingia katika hadithi ile ilikuwa moja tu, na ilipita kwenye nyumba ya kuku, mbele ya watu wake. Macho yake yakaishia kwangu.

"Na weye, mama? Weye pia Kakule?"

"Hapana, mon commandant. Miye bibi ya Mwalimu. Niko nataka arudi nyumbani."

Sijui alifikiri nini. Labda alikuwa na mke. Kisha akasukuma karatasi za Lusenge pembeni.

"Mubebe mutu yenu. Mais ile jina ibadilike. Mwalimu, utamuita nani ule mwoga?"

"Lusenge, mon commandant," akasema mume wangu.

"Ile ni jina ya nani?"

"Yangu."

Askari wa mlangoni wakashindwa kabisa. Mmoja alitoka nje, tukasikia anakohoa kwa kicheko, na commandant mwenyewe akafunika mdomo kwa mkono. Tuliondoka kabla hajaufunua.

Jumamosi ile redioni mwoga aliitwa Lusenge. Nilidhani mji utafurahi. Makakule walikasirika upya. Walisema wametolewa katika hadithi kama watu waliofukuzwa arusini. Mchinjaji alipita nyumbani kwetu siku nyingi bila kusalimu, na mume wangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Alirudi, basi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifundisha, alifuga sungura vibaya, aliandika sana. Lakini tangu Alhamisi ile ya maharagwe nilijua nyumba inasikika namna gani akiwa hayupo, na kila alipochelewa nilikuwa naisikia tena. Alikufa mwaka jana, mwezi wa mvua, kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake, nikiwa nimemshika mguu. Makakule walikuja wote na kukaa mbele pamoja na ndugu. Kasimu alikuja na Hadjara. Niliwatazama watu wote wale, wangekwenda popote kama ningewaambia, na hapakuwa na mahali pa kuwatuma.

Mafundi wameanza kujenga kaburi kwa matofali ya kuchoma. Mvua ikikubali, watamaliza Jumanne. Mimi ninawapikia chakula cha mchana.