X Kwenye Mlango wa Mninga

Jumanne tarehe 11 Juni 2024, baada ya sala ya adhuhuri, ndipo mambo yangu yalipoharibika kabisa. Kabla ya hapo yalikuwa yanaharibika kidogo kidogo tu, kama kawaida yetu sisi tunaoongozwa.

Nilikuwa naikarabati nyumba yangu hapa Mkuza. Marehemu mke wangu, Rukaya, aliniomba madirisha ya vioo mpaka akaondoka hajayaona. Mimi nilikuwa nasubiri barabara ije kwanza. Haikuja. Wa kulaumiwa wanajulikana.

Sasa nilikuwa nimemposa Zena, mjane wa Vihingo kule Kisarawe. Kaka yake, Mwinyimadi, alisema atakuja Jumamosi aione nyumba ndipo atoe jibu. Nikaweka madirisha ya alumini na mlango wa mninga, plasta ikiwa bado haijaisha. Fundi Castory akirusha saruji, nusu inashika ukuta, nusu inakuja kwenye vioo vyangu.

"Mzee Hemedi, funika basi," akaniambia, utadhani ninayerusha ni mimi.

Nikafunika kila kitu kwa nailoni. Kumbe nailoni yenyewe haionekani. Kibarua nusura apitishe ubao dirishani.

"Weka alama," akasema Castory.

Nikachukua rangi nyekundu iliyobaki ya bati, nikachora X kubwa juu ya nailoni ya kila dirisha. Mlangoni nikachora kubwa zaidi, maana ndio niliokuwa nauonea uchungu.

Jirani wa kwanza akapita. "Pole sana, mzee. Na wewe wamekufikia?"

Wa pili hakutoa hata pole. "Wakibomoa, mlango huo niuzie mimi."

Nikiwa bado namfukuza, akatokea mwenyekiti wa mtaa, Wilfred. Huyu bwana hajui jambo lolote, na hataki lijulikane hilo.

"Taarifa tunayo," akawatangazia watu. "Ni mradi. Tuwe watulivu."

"Mradi gani, mwenyekiti? Nimechora mimi! Kopo la rangi hili hapa!"

"Mzee wangu, hasira zako tunazielewa. Ila usiiguse. Kufuta alama ya serikali ni kosa."

Na kwa kuwa hakuniamini, akaniwekea mgambo barazani. Barabara miaka yote hatuna. Mgambo kapatikana siku hiyo hiyo.

Jumamosi Mwinyimadi akafika na kuku wawili mkononi. Akaishia njiani, mbele ya nyumba.

"Hemedi," akaita kutoka huko huko, "unatafuta mke, au unatafuta mtu wa kukusaidia kuhamisha vyombo?"

"Nimechora mwenyewe, shemeji! Nalinda mlango!"

Akamgeukia mgambo. "Eti ni kweli?"

"Mimi hapa nalinda tu, mzee."

"Mlango mmoja mnaulinda wangapi?" Akaondoka, na kuku wake.

Jioni Zena akapiga simu.

"Wewe mzee! Nyumba mpya unaichora X? Hata watoto wa chekechea wanachora maua!"

"Zena, ilikuwa kwa ajili ya saruji..."

"Sitaki saruji. Mwenyekiti wenu amwambie kaka kwa kinywa chake kwamba nyumba haibomolewi, mimi nakuja. Asiposema, kaa na mgambo wako, akupikie."

Nikaenda ofisini kwa Wilfred, nikavua kofia.

"Alama hufutwa na aliyeiweka," akasema.

"Ndiye mimi."

"Basi leta ruhusa ya aliyekutuma."

"Sikutumwa na mtu!"

Akatazama dari, akafikiri. Mtu akiwa na cheo hata kufikiri kwake kunachelewesha watu.

"Kama hukutumwa, mzee, hilo si la ngazi yangu. Nenda juu."

Nikaenda juu. Juu wakaniambia mambo ya X huanzia mtaani. Idi ikapita, plasta ikaisha, Castory akahamia nyumba nyingine. Mimi napita mlango wa jikoni kama mwizi, mgambo anakunywa chai yangu, na Zena jana kaniambia kuna mwanaume wa Magindu naye ameleta posa, nyumba yake haina X hata moja.

Sasa naomba mtu mmoja tu mwenye cheo anijibu kabla Zena hajamjibu huyo wa Magindu: alama niliyoichora kwa mkono wangu, kwenye nailoni yangu, ruhusa ya kuibandua anaitoa nani?