Meza ya Mwalimu Fausta

Ile habari niliipata kwa Mdoe, anayepitisha dagaa kwa pikipiki. Alisema huko Mkumbara mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya alikula mboga jikoni kwa mama mwenyeji wake, tumbo likamshika, akafa, na yule mama akawekwa ndani.

"Ulimwona?" nilimuuliza.

"Nimeambiwa sokoni tu, mama."

Ningeachia hapo. Lakini wiki ileile mwalimu mkuu alikuwa ameniandika mimi, hapa Kwaluguru, nimpokee mwalimu kama huyo, binti wa Kiitaliano, kwa mwaka mzima. Nililala na ile habari, nikaamka nayo. Sasa naandika kwa sababu Januari mwalimu mkuu anatafuta nyumba tena, na baadhi yenu mmeshaitikia.

Fausta alikuja na begi moja. Miaka ishirini na mitatu, rika la binti yangu aliyeolewa Korogwe. Shule yetu ilikuwa haina mwalimu wa Kiingereza, na Munira wangu yuko darasa la sita. Kwa hiyo nilijua, huyu akiugua akaondoka, watoto wamebaki bure. Nikaapa hatagusa kitu.

Mume wangu Athuman anakata mkonge Mnyuzi, anakuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tuko mimi na Munira. Niliazima meza, nikaiweka sebuleni na kiti kimoja. Hapo ndipo alipokula Fausta: wali, kuku, mayai, nimefunika kwa kawa, na maji nimeyachemsha mara mbili. Mimi na Munira tulikula jikoni kwenye mkeka, ugali wetu wa muhogo na mboga chungu ya mchunga, tukisimuliana mambo ya siku. Kutoka jikoni mpaka nyumbani ni hatua kumi. Nilikuwa nasikia kijiko chake kinavyogonga sahani.

Jioni moja alikuja mlangoni mwa jiko na sahani yake mkononi.

"Mama, nakula hapa?"

"Hapa kuna moshi, mwalimu. Utaumia macho."

"Moshi si kitu."

"Rudi mwanangu, chakula kinapoa."

Akarudi. Siku nyingine alfajiri alichukua ndoo aende lamboni na wanawake wenzake. Nikamwambia njia ina nyoka. Alipotaka kwenda shamba nikamwambia jua kali. Ikafika mahali akitoka shule anaingia chumbani na kufunga mlango.

"Mama, mwalimu anaongea peke yake," Munira aliniambia.

"Anasali."

"Hasali. Anasema 'umeamkaje', halafu anajijibu 'nimeamka salama'."

Nilisema anajifunza Kiswahili. Nikajiambia hivyohivyo na mimi.

Mwezi wa nane walikuja kunisaidia kupukuchua mahindi jirani yangu Swaumu na Yasinta, mpishi wa uji wa shule. Fausta akatoka na kigoda, akakaa katikati yao bila kuitwa. Yasinta akampa hindi.

"Anza mstari huu, sukuma kwa gumba. Aa, mwalimu, unalibembeleza! Si mtoto hilo!"

Wakacheka, naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka nyumbani kwangu, kicheko kikubwa, mpaka kuku wakasogea.

"Huyu tumtafutie mume Handeni mjini," Swaumu akamtania. "Mahari tutachukua mahindi."

"Magunia mangapi?" Fausta akauliza.

Swaumu alilala chali kwa kucheka. Mimi nilikuwa nimeshaona gumba la Fausta limechubuka, linatoa damu. Mkumbara ikanipanda kichwani. Nikamshika mkono, nikamwinua.

"Mama Munira, mwache. Ana vidole kumi kama sisi," alisema Yasinta.

"Kikioza hicho kimoja utakwenda polisi wewe?"

"Kwa hindi? Umemfuga huyu kama kuku wa mayai!"

Nilimpeleka ndani, nikamfunga kidole, nikamwekea chakula mezani. Nilipopita dirishani hakuwa amegusa hata tonge. Alikuwa anasikiliza wenzake nje.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alikuja kuniambia Fausta ameomba kuhamishwa. Nilimkuta chumbani kwake anakunja nguo.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujakosea, mama. Lakini hapa mimi ni mgonjwa, na siumwi."

"Basi tule wote jikoni kuanzia leo."

"Gari linakuja kesho, mama."

Jioni ile alikula nasi kwenye mkeka. Miezi mitano yuko kwangu, na hatukuwa tumezoeana. Munira alimwonyesha namna ya kumega ugali wa muhogo. Alimega vibaya, na hakuna aliyecheka.

Sasa anafundisha upande wa Mnyuzi. Athuman alimkuta njiani na wanawake, amebeba kuni, na Fausta mwenyewe ndiye aliyemsalimia, kwa Kizigua. Huku kwetu darasa la sita kipindi cha Kiingereza wanafagia uwanja. Munira haniulizi tena kama atarudi. Nimerudisha ile meza.

Basi wewe utakayempokea wa Januari, epuka haya:

Usimwekee meza peke yake. Siku ya kwanza sawa, siku ya nne hapana.

Usimnyang'anye ndoo.

Usimtishe kwa nyoka ambao hujawaona.

Usimfulie nguo. Ana mikono.

Usimzuie kwenda msibani wala kwenye ngoma akialikwa.

Usimjibie watu wakimsemesha. Mwache akosee.

Akichubuka, mfunge kitambaa, mrudishie kazi yake.

Usichemshe maji mara mbili. Mara moja yanatosha, kuni ziko mbali.