Ghala la Pembeni
Saa nne asubuhi fundi wa kompyuta alikuwa chini ya meza ya usajili, shavu sakafuni, akirudisha waya uliochomoka. Kwenye benchi alikaa shangazi yake, mkoba mapajani. Kompyuta ya ofisi ilisema alifariki mwaka juzi. Marehemu hapewi kadi ya matibabu, na bila kadi hospitali isingemsafisha damu Ijumaa. Figo zake hazikuwa na subira.

"Bado nimekufa?" aliuliza.

"Bado, shangazi. Vumilia kidogo."

"Maiti gani hii ya kupangishwa foleni!"

Karani alipiga mwayo. "Programu ni ya zamani. Haina kitufe cha kumrudisha mtu."

Toleo jipya lilikuwa nacho. Ila kompyuta ile ilitumia mfumo wa Linux, na ilichota programu zake kwenye ghala rasmi la mtandaoni, na ghala rasmi halikuwa limeongezwa kitu kwa miaka sita. Fundi akaunganisha ghala jingine, la watu wa pembeni wanaojitolea, akaandika amri ya kusasisha, akabonyeza.

Alikosea kidogo tu, kifundi. Alisahau kuandika kwamba ghala lile litumike kwa programu moja, basi. Kwa hiyo kila kilichokuwamo ofisini kikasasishwa. Feni iliacha kulalamika. Ufa wa ukutani ukajifunga. Fundi alisikia goti lake alilovunja uwanjani likinyooka. Akalikunja mara mbili, akaona linafaa, akarudi kwenye skrini. Karani naye akawa toleo jipya: shati limepigwa pasi, macho makavu, adabu tele.

Alisimama, jambo ambalo yule wa kwanza hakuwahi kulifanya, akamletea shangazi maji.

"Pole kwa usumbufu, mama." Akabonyeza kitufe kipya, akasoma. "Kinataka kibali cha ofisi iliyokuandikisha kufa."

"Ofisi gani hiyo?"

"Ni sisi, mama. Na sisi hatupokei maombi ya marehemu."

Shangazi alimtazama. "Yule mwingine alikuwa akinikatalia huku anasinzia. Nilikuwa na tumaini kwamba siku moja ataamka."

Fundi akafungua orodha ya vilivyosasishwa. Feni ilikuwamo, ufa, goti, karani, hata benchi. Shangazi hakuwamo. Ghala husasisha kilichopo tu.

"Kuna jambo dogo," alisema karani. Toleo jipya la programu halikupenda mapengo. Kwenye faili la shangazi, nafasi ya ndugu wa marehemu ilikuwa tupu, na mpaka ijazwe kompyuta isingemhudumia mtu mwingine yeyote. Nyuma ya benchi walisimama watu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine alikohoa kwa makusudi.

"Ndugu wa marehemu yupo?" karani akauliza.

"Ni mimi," fundi akasema.

Karani akamgeuzia kibodi kwa mikono miwili. Fundi akaandika jina lake polepole. Shangazi aliinama begani kwake, akavaa miwani.

"Na la kwangu angalia kama wameliandika sawa," alisema. "Hapo, herufi ya pili. Irekebishe, baba."

Akairekebisha.