Mgongo wa Kijiko

Absalom Wanjala hakupita darasa la pili, lakini mgongo wa kijiko aliusoma kuliko wazungu wengi wa Kitale. Miaka ya thelathini alikuwa boi wa ndani kwa memsabu mmoja mjane, mwenye shamba la mahindi na wazimu wa kukusanya vyombo vya fedha vya zamani. Mzungu akifilisika tu, memsabu yuko mlangoni kununua vijiko vyake. Ndiye aliyemfundisha Absalom zile alama ndogo zilizogongwa nyuma: simba anayetembea, maana yake fedha halisi, nanga au taji, mji kilikotoka, herufi mbili, jina la fundi. Kisicho na simba kilikuwa cha kupakwa fedha juu tu, kikatupwa kwenye sanduku la jikoni. Basi Absalom akavimba kichwa! Hata akialikwa chai na watu wa kanisa, aligeuza kijiko kwanza ndipo akoroge.

Mwaka wa thelathini na nane kijiko kimoja cha nanga kilipotea, kati ya sita. Memsabu aliuliza nani amepita chumba cha kulia. Absalom alijibu haraka kwamba ni Nakhungu peke yake, yule dada wa kufua nguo. Nakhungu alifukuzwa siku hiyo hiyo, mzigo wake ukamwagwa kwenye matope mbele ya wafanyakazi wote na kupekuliwa nguo moja moja. Jina la mwizi likamtangulia mpaka kwao Sirisia, na hakuna aliyemwandika kazi tena.

Wiki mbili baadaye, akisugua vyombo vya jikoni, Absalom alishika kijiko kizito kupita kiasi. Akakigeuza. Simba na nanga vilikuwa vimelika karibu kuisha, na vimelikaje kama si kwa kitambaa chake mwenyewe? Yeye ndiye aliyekitupa kwenye sanduku la jikoni, bingwa wa alama, akidhani ni cha kupakwa. Alipaswa kwenda kwa memsabu palepale. Hakwenda. Aliona haya kusema amekosea, akakifukia chini ya vingine. Na memsabu alipohama kurudi kwao, alimpa sanduku lile lote kwa utumishi wake mwema.

Miaka kumi na mitatu ikapita tangu Nakhungu afukuzwe. Ndipo Mukhisa, mwanawe Absalom, akatangaza kwamba amepata mchumba Sirisia, jina lake Edah, aliyelelewa na shangazi yake Nakhungu. Absalom alitafuta kila kisingizio, mara njia mbaya, mara ukoo wenyewe hatuujui. Mwishowe Mukhisa akamuuliza ana nini na watu wale. Absalom akachukua kofia yake, wakaenda na wazee kuposa.

Nakhungu aliwapokea vizuri, akauliza habari za nyumbani. Absalom akaanza kupumua. Labda amesahau, alijiambia, na alijionea aibu kwa kulitamani hilo. Wazee walizungumza habari za ng'ombe wa mahari, wakaelekea kukubaliana. Chai ikaletwa. Mkono wa Absalom, kwa mazoea yale ya miaka mingi, ukageuza kijiko.

Nakhungu akaweka birika chini.

"Hicho nilinunua Bungoma, Baba Mukhisa," alisema polepole. "Kiangalie vizuri, usije ukanitaja tena."

Mukhisa akamtazama baba yake, akingoja aseme hajui maneno hayo yanatoka wapi. Angeweza kusema hivyo. Lakini uongo ule ulikuwa umemchosha, na Edah alikuwa amesimama mlangoni, akisikia.

"Kile kijiko kilipatikana," Absalom alisema.

"Lini?"

"Wiki mbili baada ya wewe kuondoka."

Nakhungu hakulia.

"Kiko wapi sasa?"

Absalom alitamani ardhi ipasuke immeze. "Kiko kwangu. Mama Mukhisa hukitumia kwa sukari."

Mukhisa akainamisha kichwa, na hakumtazama baba yake tena siku ile. Nakhungu alisema watoto hawana kosa, mazungumzo yao yaendelee. Ila siku ya soko Absalom atakuja Sirisia na kijiko hicho mkononi, asimame katikati ya watu, aseme nani alikuwa nacho. Absalom akaitikia kwa kichwa.

Kisha Nakhungu akazunguka na sinia, akakusanya vijiko vyote, cha Absalom kikiwa cha mwisho, akavihesabu palepale mbele yake.