Mtu Wako wa Bondeni

Wiki ile nzima kiti kilinishinda. Mkufunzi anafundisha, mimi nasimama, naenda dirishani, natazama mawingu, narudi, nakaa, nasimama tena. Bosi akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia ndiyo.

Mkufunzi alitoka nchi maskini kama yetu, ila mafuriko yao ni makubwa zaidi, na ndiyo maana akaletwa ofisini kwetu, sisi watabiri wa hali ya hewa. Safari hii hatukuletewa bingwa wa nchi tajiri na mashine tusizoweza kuzinunulia hata betri. Tuliletewa mwenzetu. Lugha yetu alijifunza ukubwani, akawa anachagua maneno kama anayechambua mchele, lakini alieleweka. Kwao, alisema, wamezika wengi ndipo wakajifunza jambo moja: mtabiri asisome tahadhari redioni kabla hajampigia simu mtu wake mwenyewe anayeishi bondeni. Mama, shemeji, yeyote. Ukishindwa kumtoa mtu wako, maneno yako hayajaiva. Yabadilishe.

Nilimpenda kwa hilo, na nilimchukia kwa hilo hilo, maana mtu wangu wa bondeni ni mama.

Mama ni fundi cherehani. Chumba chake kiko kando ya daraja, na hahami kwa sababu wateja wanapita hapo. Mvua za mwaka jana nilimpigia nikamwambia kuna uwezekano wa mafuriko wa asilimia sitini. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nihame kwa sitini, nibaki kwa arobaini?" Akabaki, maji hayakuja, na tangu hapo ananiita Bi Asilimia mbele za watu.

Basi kila asubuhi mkufunzi alituletea vipimo vya mto vya kubuni, nasi tukawapigia watu wetu kana kwamba mafuriko ni ya kweli. Mama aliupenda mchezo huo kupita kiasi. Mwanzoni alinibishia makusudi ili nijifunze. Baadaye akazoea, hata sijamaliza salamu yeye ameshajibu: "Nimetoka, mwanangu. Nimebeba blanketi na dawa za presha. Niko juu shuleni. Umefaulu." Darasa zima linacheka, mkufunzi anapiga makofi.

Siku ya mwisho simu ya ofisi iliita kabla hatujaanza. Alikuwa mpimaji wetu wa kule milimani, mto unakotokea. Bosi akapokea, akasikiliza, akakata huku anacheka.

"Anasema nguzo ya kupimia maji imezama yote, haionekani hata ncha." Akamgeukia mkufunzi. "Leo umetia chumvi, ndugu yangu."

Mkufunzi hakucheka. "Hicho si kipimo changu," alisema.

Nilikuwa nimeshampigia mama kabla hajafunga mdomo.

"Mama, toka. Maji yanakuja, leo ni kweli."

"Nimetoka, mwanangu. Nimebeba blanketi."

"Mama, nasikia cherehani."

"Nayo nimeibeba." Nikamsikia mteja wake anacheka.

"Sikutanii. Naapa."

"Hata jana uliapa. Umefaulu, Bi Asilimia. Niache nimalize sare hii, mwenyewe amenisimamia hapa."

Akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena na tena.

Mganga hajigangi, wanasema, lakini langu lilizidi hilo. Wiki nzima nilikuwa nikimfundisha mama kutoniamini, na alikuwa mwanafunzi hodari. Hasira zikanipanda, kwa mama, kwa mgeni, kwangu mwenyewe.

"Ametoka?" mkufunzi akauliza.

"Hajatoka."

"Basi maneno hayajaiva."

"Mto haungoji maneno yaive," nikamfokea, mtu mzima na mgeni wetu.

Bosi alinisukumia ile tahadhari yetu ya kawaida, yenye asilimia zake na wananchi wake wanaoshauriwa. Nikaiacha mezani. Nikaingia kwenye kichumba tunachosomea taarifa za redio, nikawasha kipaza sauti.

"Mlio bondeni, mto umejaa na utawafikia kabla ya adhuhuri. Tokeni sasa hivi, pandeni shuleni. Mimi ninayewaambia haya nina mama hapo darajani, yule fundi cherehani. Amekataa kutoka kwa sababu nimemzoesha mazoezi. Mama, leo sichezi. Ninaogopa. Majirani zake, asipotoka mbebeni. Hata akiwatukana, mbebeni."

Nilipotoka nilimkuta Bosi mlangoni, ameshika ile tahadhari niliyoiacha. Mkufunzi ndiye aliyesema, "Kwetu hatujawahi kufanya hivi. Nitaondoka na somo hili."

Aondoke nalo, sikujali. Nilikwenda dirishani, nikarudi mlangoni, nikaenda tena, simu sikioni. Mama hapokei. Nilitaka kukimbia huko kwa miguu yangu, na Bosi akanishika mkono, akaniambia nikifika nitakuwa wa kuokolewa wa pili. Kisha mtu wa zimamoto akapiga. Daraja limekwenda, na vyumba vyote vya kando yake vimekwenda nalo. Watu je? Hajui.

Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikaa nisiinuke. Nilikaa sakafuni.

Simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Wewe mtoto huna adabu," mama alisema, anahema. "Unanitangaza redioni kama mbuzi aliyepotea. Nimebebwa mgongoni na muuza mkaa, mtu mzima mimi, wateja wangu wananitazama. Angalia nguo yangu ilivyo. Simu nimeiacha mezani, sare za watoto wa watu nimeziacha, cherehani yangu..." Nilisikia watu wengi nyuma yake, na watoto wanalia. Kisha akaendelea. "Una kichwa kigumu kama marehemu baba yako."

"Ndiyo, mama."

"Usinijibu ndiyo mama."

"Ndiyo, mama."

Bosi aliniashiria kwamba mkufunzi anataka kuniaga. Nikawageuzia mgongo wote wawili, nikaibana simu sikioni. Mama alikuwa ameanzia mbali, utotoni kwangu huko, makosa yangu yote kwa mpangilio, na mimi nikawa namwombea asifike mwisho.